Mkatale Alionitayarishia Mume Wangu

"Ni saa moja tu, Sabina! Saa moja, unashuka, unarudi nyumbani unakula, yamekwisha!"

"Kama ni saa moja tu, kapande wewe."

"Sipandi mimi. Samaki si wangu."

"Na mimi niliwavua lini?"

Osbert alicheka. Mume niliyeishi naye miaka kumi na sita alikalia kiti changu, dukani kwangu, akacheka.

"Punguza sauti," akasema. "Majirani watasikia."

"Wataniona shingo ikiwa kwenye ubao, wewe unaogopa wasinisikie sauti?"

Wiki iliyopita samaki wa dukani kwangu waliwaacha mawakili ishirini na wawili wakipigania vyoo viwili. Osbert ndiye mnunuzi wa vyakula katika nyumba yao, ile iliyo nje kidogo ya lango la Ludgate. Wanaishi humo wanasheria thelathini, wamesoma mpaka nywele zimewanyonyoka, na kila wanachokula na kunywa ananunua yeye, asiyejua kusoma hata jina lake. Ijumaa ya Kwaresima walikula samaki wa pipa. Jumamosi ishirini na wawili hawakufika mahakamani.

Pipa lilitoka dukani kwangu. Samaki waliobaki walirudishwa dukani kwangu. Bwana Thurstan, mkaguzi wa samaki, akalikuta pipa hapo hapo. Alifunua, akafunika upesi, akatoka nje kutema mate.

Kwetu London, anayeuza samaki waliooza hupelekwa Cornhill akatiwa mkatale. Unapandishwa jukwaani, shingo na mikono vinabanwa kati ya mbao mbili, na samaki wako wanachomwa moto chini ya pua yako, watu wote wakitazama. Bwana Thurstan alisema atarudi na askari Jumanne asubuhi. Jumanne asubuhi ndiyo hiyo tuliyokuwa tunagombana.

"Waambie ulinunua wewe," nikamwambia Osbert. "'Nilinunua mimi.' Maneno mawili tu."

"Nikisema hivyo nafukuzwa kazi."

"Na mimi nikinyamaza?"

"Unasimama saa yako moja. Nitakuwa karibu. Nitakuletea mvinyo wa moto."

"Nitaunywaje, na mikono iko kwenye ubao?"

"Nitakunywesha."

Nikamrushia bakuli. Akainama, likapasuka ukutani. Hata kuinama kwake kulinikera, maana aliinama bila haraka, kama mtu aliyekwisha kujua litapita wapi.

"Na Amice je?" nikauliza.

Amice ni binti yetu. Ana miaka kumi na minne, anajifunza kusuka hariri kwa Bi Juliana. Jana yake Bi Juliana alikuwa ameleta ujumbe usio na asali: siku mama atakayopanda mkatale, ndiyo siku binti atakayorudi kwao na sanduku lake. Nyumba yake inasukia wake za mabwana wakubwa. Haitaki mtu mwenye harufu ya samaki.

"Amice ataolewa," akasema baba yake. "Hariri ya nini?"

"Toka kwenye kiti changu."

"Sabina..."

"Toka! Thurstan akija namwambia kila kitu. Mimi ni mke wa mtu. Mke akikosa, anaulizwa mumewe. Sheria hiyo hata kuku wanaijua."

Osbert aliegemeza mgongo kitini. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemenya yai, "Kuku wanaijua sheria ya wake za watu. Lakini wewe uliapa nini mbele ya karani wa jiji?"

Nikaikumbuka siku ile.

Wiki mbili zilizopita, Jumanne, alinijia na ushungi mwekundu wa sufu nzuri na maneno matamu kuliko ushungi wenyewe. "Sabina, duka unaliendesha wewe. Kwa nini lihesabiwe langu? Twende Guildhall, kwa karani wa jiji, ukaape kuwa mfanyabiashara wa peke yako." Jijini kwetu mwanamke aliyeolewa anaweza kuapa hivyo. Akishaapa, kwa mambo ya biashara anahesabiwa kama hana mume. Ananunua kwa jina lake, anauza kwa jina lake, anashtaki na kushtakiwa kwa jina lake.

Nililia kwa furaha. Nikaapa. Nikapita mtaa mzima na ule ushungi, mlango kwa mlango, nikitangaza. Niliringa, wenzangu, tena sana. Hata mke wa mwoka mikate, ambaye hatusalimiani, nilikwenda kumsalimia ili aone.

Sikujiuliza mwanamume mbahili vile ametoa wapi ukarimu wa ghafla.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini? Mimi ni mtu wa sokoni."

"Sheria hii umeitoa wapi?"

Akatabasamu. "Wale thelathini wanabishana sheria kila wakila. Mimi nagawa nyama tu. Lakini masikio yangu hayagawi nyama."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Petronila, jirani yangu mpika pombe, mikono imelowa hadi kwenye viwiko.

"Sabina, wanakuja! Wamefika kisimani!" Kisha akamwona Osbert. "Na wewe bado uko hapa? Umekuja kutazama kazi yako?"

"Jirani, rudi kwenye pombe yako ya maji."

"Hiyo ya maji si ndiyo unayochukua mapipa manne kila wiki?"

"Kuanzia leo sichukui hata moja."

Kwa Petronila hilo si neno dogo. Mapipa manne kwa wiki ni watoto watano wanaokula. Nusu ya mtaa wetu walikula kwa mkono wa Osbert: mwoka mikate, mchinjaji, muuza mishumaa. Akikununulia, unaishi. Akikupita, unafunga duka. Ndiyo maana tangu Jumamosi hakuna aliyekuja kunipa pole.

Petronila alikausha mikono kwenye nguo. Akatazama mlango. Akanitazama mimi.

"Basi acha," akamwambia. "Kanunue shetani alikopikia. Shoga, sikiliza. Lile pipa mume wangu ndiye aliyelibeba kwa mkokoteni kutoka gati la Queenhithe. Wakaguzi wa gati walikuwa wameshalikataa. Walisema litupwe mtoni. Osbert akampa mwenye pipa peni nne ili asilitupe."

"Lini?"

"Jumatatu, wiki mbili zilizopita. Kesho yake ndiyo ulipita kwangu na ushungi mwekundu."



Nilihesabu kwa vidole, mimi niliyezoea kuhesabu samaki mia kwa jicho tu. Jumatatu, samaki. Jumanne, kiapo. Alinunua uozo kwanza, kisha akatafuta wa kuubeba. Hakuteleza. Hakudanganywa na mtu wa gati. Alikaa mezani kwangu, akala uji wangu, akanipima shingo.

"Osbert," nikasema. "Ni kweli?"

"Mbona unatazama hivyo? Kama wasingeumwa, nani angejua? Ni matumbo yao mabaya. Wamezoea laini."

Hapo ndipo niliposhika kisu cha samaki. Petronila akanishika mkono. Nilimlaumu siku ile kwa kunishika. Leo namshukuru, kidogo.

Sasa nifike penye aibu yangu mwenyewe.

Pipa lile lilikuwa limekaa wapi siku zote hizo, toka Jumatatu hadi Alhamisi ya wiki ya pili? Lilikaa chini ya miguu yetu. Duka langu lina ghala chini ya sakafu, unaingia kwa mlango wa ubao. Humo Osbert alikuwa akiweka vitu vya mawakili kwa miaka saba. Akinunua mapipa kumi ya mvinyo, tisa yanakwenda kwao na la kumi linashuka kwetu. Nta ya mishumaa ya kanisa lao, pilipili manga, mlozi, vitambaa. Siku ile ya kiapo alihakikisha hata ghala limeandikwa kwa jina langu, ili mabwana zake wakihisi jambo wasimkute nalo.

Nilijua. Pipa la samaki sikulijua, liliviringishwa ndani nikiwa sokoni. Lakini mengine yote niliyajua. Nilipika na pilipili ile. Ada ya Amice ya kujifunza hariri ililipwa kwa nta ile. Nilijiambia mume ndiye mwenye dhambi, mimi ni mpishi tu. Wake wengi tunajiambia hivyo, na chungu kinaendelea kuchemka.

Wakaingia watu watatu: Bwana Thurstan mkaguzi, askari wa jiji mwenye rungu, na kijana mmoja wa rangi ya jibini, mkono tumboni. Huyo alikuwa Bwana Everard, wakili, aliyetumwa na Nyumba yao kuangalia kwamba mambo yanakwenda kisheria.

"Osbert, ndugu yangu!" akasema Everard. "Pole sana. Mkeo mwenyewe!"

"Sheria ni sheria, Bwana," akajibu Osbert, akainamisha kichwa kama mfiwa.

Bwana Thurstan hakupoteza muda. "Bi Sabina, samaki walitoka dukani kwako?"

"Walitoka."

"Wewe ni mfanyabiashara wa peke yako?"

"Niliapa."

"Basi twende."

"Ngoja," nikasema. "Bwana Everard, wewe umesoma. Nikiwa mfanyabiashara wa peke yangu, duka hili ni la nani?"

"Lako," akasema, na uso ukapata rangi kidogo. Hawa watu ukiwauliza sheria ni kama kumtekenya mtoto.

"Na vilivyomo?"

"Vyako vyote. Mumeo humu hana hata msumari."

"Na mtu akiniuzia kitu kibovu, nami nikakiuza bila kujua?"

"Aaa, swali zuri! Unayo haki ya kumtaja aliyekuuzia. Ukimtaja na ikathibitika, mzigo unatoka kichwani kwako unakwenda kichwani kwake."

"Hata akiwa mume wangu?"

"Katika biashara huna mume, mama. Ni mtu kama watu wengine."

Osbert akasimama. "Bwana Everard, tumbo lako. Usijichoshe."

"Hapana, Osbert. Sijui kwa nini, nikizungumza sheria maumivu yanapungua."

"Basi namtaja," nikasema. "Aliyeniuzia samaki ni Osbert."

Everard alicheka hadi akajikunja, akashika tumbo, akacheka tena. "Osbert? Osbert ni mnunuzi! Miaka kumi na miwili anatununulia. Hajawahi kuuza hata yai!"

"Una shahidi?" akauliza Thurstan.

"Mume wangu," akadakia Petronila. "Alibeba pipa. Alimwona Osbert akitoa peni nne kwa mkono wake."

Osbert hakupepesa jicho. "Nilizitoa. Zilikuwa pesa za mke wangu. Alinituma. Bwana Everard, mume hawezi kumbebea mkewe pesa?"

"Anaweza," akasema Everard. "Kabisa."

Basi. Alinifunga kwa pumzi moja, na wakili akamkazia fundo. Petronila akajishika kichwa. Bwana Thurstan akanishika mkono juu ya kiwiko, bila ukali, kama anavyoshikwa ng'ombe aliyekwisha kuuzwa.

Osbert akanisogelea, kana kwamba ananibusu kwaheri.

"Panda," akaninong'oneza. "Umemsikia mwenyewe. Vya chini vyote ni vyako kisheria. Saa moja, Sabina, halafu sisi ni matajiri. Utanunua mtaa huu."

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililoniwasha. Vya chini vilitosha kununua duka, nyumba ya Petronila na tanuri la mwoka mikate. Ningeweza kusimama saa yangu, kurudi, kumfungia mlango huyu mwanamume na kuishi kwa mvinyo wa watu.

Lakini niliona anachofanya. Alimnunua mwenye pipa kwa peni nne. Alitaka kumnunua Petronila kwa mapipa manne. Mimi alininunua kwa ushungi. Na sasa alikuwa ananinunua mara ya pili, kwa mali iliyokwisha kuwa yangu! Na binti yangu anarudi na sanduku.

Nikauchomoa mkono wangu kutoka kwa Thurstan. Nikasukuma beseni la chumvi, nikashika pete ya mlango wa ghala.

Osbert akaruka, akasimama juu yake kwa miguu yote miwili.

"Ondoka," nikasema.

"Sabina. Fikiri."

"Ondoka juu ya mlango wangu."

"Hakuna kitu huko. Panya tu, mabwana."

Nikamgeukia Everard. "Bwana wakili, mtu huyu, ambaye kwa biashara si ndugu yangu, amesimama juu ya mali yangu na hataki kutoka. Sheria inasemaje?"

Everard akafikiri, kwa raha. "Inasema atoke."

"Mtoe," akasema Thurstan.

Askari akamsogeza kwa rungu. Nikavuta ubao. Everard akawasha mshumaa, akashuka. Tukasikia viatu vyake kwenye ngazi. 

Kisha sauti ikatoka chini, ndogo.

"Huu ni mvinyo wetu."

Osbert akatazama mlango wa nje.

"Osbert, uliniambia mvinyo huu uligeuka siki. Mwaka juzi. Mimi mwenyewe nilikupa pole." Tukasikia akisogeza kitu. "Hii ni nta ya kanisa. Tumekaa gizani Krismasi mbili, Osbert!"

Alipopanda juu, tumbo lilikuwa limepona. Sijapata kuona mtu aliyepona haraka vile. Hakumtazama Osbert. Alinitazama mimi, kwa macho ya mtu wa mahakamani.

"Bi Sabina. Vitu vya chini ni vya nani?"

"Vyangu. Wewe ndiye uliyesema."

"Vina alama ya Nyumba yetu. Umevipataje?"

"Niliuziwa."

"Na nani?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatikisa kichwa, polepole sana, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane niliona jasho juu ya mdomo wake.

Hakuwahi kuniuzia. Alileta tu nyumbani, kama wanaume wanavyoleta, nami nikapika. Nikisema hivyo, mimi ni mwenzake wa wizi, miaka saba, na hakuna atakayeniamini juu ya samaki. Nikisema aliniuzia, mimi ni mwenye duka aliyedanganywa, naye ni mtu anayeuza: kama aliniuzia mvinyo, kwa nini asiniuzie samaki?

"Na nani, Bi Sabina?"

"Na Osbert. Mvinyo, nta na samaki. Vyote nilinunua kwake, kwa pesa yangu."

"Mwongo!" Osbert akafoka. "Sijamuuzia kitu!"

"Basi vimefikaje humu?" akauliza Everard, taratibu.

 

Bwana Thurstan akachomoa kitabu kidogo cha Injili mkandani. Wakaguzi wa samaki hutembea nacho, maana sisi wauzaji hatuaminiki bila kuapishwa. Akakishika mbele yangu.

"Utaapa kwa uliyosema?"

Petronila akafanya ishara ya msalaba. Anajua ghala lile, na anajua mimi na Osbert hatujawahi kuuziana hata kitunguu. Kiapo cha uongo juu ya Injili, tena katikati ya Kwaresima, hakina maji ya kukiosha. Padri wetu ametuambia hivyo tangu tukiwa wadogo, na mimi ni mtu ninayefunga hadi samaki wangu mwenyewe.

Osbert alipata pumzi. Akatabasamu lile tabasamu lake la sokoni.

"Hawezi," akawaambia. "Mnafanya mchezo. Namjua mke wangu. Anamwogopa Mungu. Hataapa."

Mengi aliyosema asubuhi ile yalikuwa uongo, lakini si hilo la kumwogopa Mungu.

Nikafuta mkono kwenye aproni, nikauweka wote juu ya kitabu, nikaapa.